Mshale wa Kirangozi

Jina la kijiji chetu, Tura, ni neno la Kinyamwezi linalomwambia mpagazi atue mzigo. Misafara iliyotoka pwani ilifika hapa ikiwa imeshakata Mgunda Mkali, nyika ya siku nyingi yenye maji haba, na hapa ndipo ilipoingia Unyamwezi ikashusha pumzi. Msafiri Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, aliandika desturi moja ya njiani: haikuruhusiwa mtu kumtangulia kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Aliyempita alichomolewa mshale podoni, na mwisho wa mwendo wa siku mshale ule ulimtaja, akatozwa faini.

Habari hiyo naijua tangu utotoni. Siku niliyoihitaji sikuikumbuka.

Ilikuwa mwezi wa Julai, Uingereza, mimi na mpwa wangu wa miaka tisa. Baba yake anafanya kazi huko, na siku ile alikuwa zamu, kwa hiyo tulikwenda wawili tu kwenye maonesho ya ndege. Mlangoni mwa nyumba, kabla hatujaondoka, baba yake alimvalisha mtoto kinga za masikio, zile kubwa kama bakuli mbili zilizoshikana kwa utepe. Akaniambia, "Shemeji, ndege za kivita zikianza, asizivue. Hata akilalamika joto." Nikajibu, "Sawa, shemeji."

Tulitandika khanga kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwenye kamba ya kuwazuia watazamaji. Jirani yetu alikuwa mzee aliyekalia kiti cha kukunja, na masikioni mwake mlikuwa na vizibo vya njano. Alipouliza tunatoka wapi nikamwambia Tabora, na uso wake ukachangamka. Tabora! Akanisimulia ndege ya Vickers Vimy iliyoondoka Brooklands tarehe 24 Januari 1920 kwenda Cape Town, ikiwa na Chalmers Mitchell wa gazeti la The Times, na jinsi safari yake ilivyokatikia kwetu tarehe 27 Februari, ilipovunjika ikijaribu kuruka. Hakuna aliyekufa. Nilivimba kichwa. Tangu dakika ile nilijiona mwenyeji wa mambo ya ndege, na hapo ndipo nilipokosea.

Ndege za mapangaboi zilipita, mtoto akacheka. Kisha akaanza kuzigusagusa zile kinga, jasho likimtiririka shingoni. Mimi nilitaka asikie. Tumetoka mbali, nikajisemea, arudi Tura na nini kama hakusikia? Nikamvua kwa mikono yangu. Mzee alinionesha masikio yake kwa kidole, mara mbili. Nikamwinamishia kichwa kama mtu anayeshukuru.

Ndege ya kivita haikutoa sauti ilipokuwa ikija. Ilipotupita ikainua pua, ikawasha moto nyuma, na ule mngurumo ukaingia kifuani kabla ya kufika masikioni. Chai ilitetemeka kikombeni. Mtoto alikuwa amejikunja kwenye khanga, viganja masikioni, mdomo wazi, nami nisisikie kilio chake.

Usiku aliniuliza, "Mjomba, nyenje wa Tura wametufuata huku?" Chumba kilikuwa kimya kabisa.

Daktari alitueleza. Ndani ya kila sikio mna chembe hai zenye vinyweleo, kama elfu 15 hivi, na zikifa hazioti tena. Sauti ya desibeli 85 mtu huweza kuivumilia kwa muda wa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu. Ikifika 115, zimebaki sekunde zisizotimia 30. Ndege ya kivita ikiwa karibu huweza kuzidi hapo. Shemeji hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Nilikwambiaje?"

Baadaye nilisoma juu ya ile kamba pia. Farnborough, Septemba 1952, ndege ya rubani John Derry ilikatika angani na vipande vyake vikaua watazamaji 29. Baada ya hapo Waingereza wakakaza sheria za kuwaweka watu mbali na ndege. Ramstein, Ujerumani, tarehe 28 Agosti 1988, ndege za Italia ziligongana zikichora moyo angani, na moja ikawaangukia watazamaji; watu 70 walikufa. Nilikuwa nimeiona kamba ile kama uzio wa kunizuia nisipate picha nzuri.

Tuliporudi nchini, tulipanda treni ya Reli ya Kati. Treni ilipita Manyoni na Itigi, ikasimama Tura usiku. Tulishuka, ikaondoka, giza likatulia, na nyenje wakaanza miomboni, wengi kama kawaida yao. Mtoto alisimama na begi lake mgongoni, hakulitua. Akanishika mkono.

"Mjomba," akasema, "hawa nawe unawasikia?"