Mutu aliyekimbilia kwako ni wa nani?

Tunapoandika juu ya desturi zetu, mara nyingi tunaandika juu ya mali ya ndoa, majina ya watoto, matanga na sherehe. Leo ninapenda tuangalie jambo moja ambalo hatupendi sana kulizungumza mbele ya wageni: utumwa. Lakini sitaki kuleta hapa somo la istoria peke yake, sawa vile ninavyofanya darasani na tarehe zake. Ninataka tuulize swali ambalo wazee wangelikata pa barza: mutu akitoroka bwana wake, akakimbilia kwako, ni wa nani? Ni wa yule aliyemununua? Ni wako wewe uliyemupokea? Ao ni wake yeye mwenyewe?

Swali hili linaonekana dogo, lakini katika karne ya 19 lilileta moto katika inchi mbili kubwa.

Ya kwanza ni Marekani. Mwaka 1850, wakubwa wa kule walitunga sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Mutumwa akikimbia kutoka majimbo ya Kusini akafika Kaskazini, ambako utumwa ulikuwa umekatazwa, watu wa Kaskazini walilazimishwa kusaidia akamatwe na arudishwe. Mwaka 1857 mahakama kuu ikaongeza chumvi katika kidonda: Dred Scott, mutumwa aliyekuwa ameishi na bwana wake katika inchi isiyo na utumwa, aliambiwa kwamba hana hata haki ya kushitaki, kwa sababu mutu mweusi si raia. Vita ikaanza mwaka 1861, ikaisha mwaka 1865, ikaua askari zaidi ya 600.000. Sababu zilikuwa nyingi, ni kweli. Lakini angalieni jambo hili: watu wengi wa Kaskazini hawakujali sana utumwa uliokuwa mbali, katika mashamba ya pamba. Walianza kujali siku walipoombwa kumufunga mutu kamba mbele ya mulango wao wenyewe.

Inchi ya pili ni yetu.

Mwaka 1886, Leta ya mufalme Leopold wa Pili ilikuwa na mwaka mumoja tu. Ilikuwa na kituo kidogo pa Stanley Falls, pale tunapopaita leo Kisangani. Pembeni yake walikaa watu wa Tippu Tip, mufanya biashara mukubwa wa Zanzibar, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Siku moja mwanamuke mutumwa alimutoroka bwana wake kwa kuogopa mateso, akaingia katika kituo. Wenyewe wakamudai. Ofisa wa kituo, Muingereza aliyeitwa Walter Deane, akakataa kumutoa. Mwezi wa nane watu wakapigana siku chache, risasi za kituo zikaisha, kituo kikachomwa, na Deane akakimbilia porini.

Leopold alifanya nini? Mwezi wa pili 1887, kule Zanzibar, Stanley alifanya mukataba na Tippu Tip kwa jina la mufalme. Tippu Tip akakuwa wali, ni kusema guvernere, wa Falls, na mushahara wa pauni 30 kila mwezi. Alipashwa kupandisha bendera ya Leta na kuzuia uwindaji wa watu upande wa chini wa Falls. Ndivyo ugomvi ulivyotulizwa. Swali la yule mwanamuke halikujibiwa. Lilifunikwa na mushahara.

Lakini kitu kilichofunikwa kinatoa harufu siku moja. Mwaka 1888 kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri juu ya mateso ya watumwa wa Afrika, na watu wengi walimusikiliza. Tangu mwezi wa kumi na moja 1889 mpaka mwezi wa saba 1890, wakubwa wa serikali mbalimbali walikutana Bruxelles juu ya kuzuia biashara ya watu. Kutoka katika mukutano huo Leopold alipata ruhusa ya kutoza kodi juu ya bidhaa zinazoingia Kongo, kitu alichokatazwa pa Berlin mwaka 1885. Na mwaka 1891 akatoa amri kwamba pembe za ndovu na mupira vinavunwa kwa faida ya Leta. Basi Leta ilikuwa na vinywa viwili: kimoja kilisema "tuwakomboe watumwa", kingine kilisema "pembe ni zetu". Na watu waliokamata watumwa ndio hao hao waliokamata pembe.

Mwaka 1892 swali la Falls likarudi, lakini safari hii na jeshi nyuma yake. Kule Lomami kulikuwa mukubwa mumoja wa vita, Gongo Lutete. Alikuwa amekamatwa akiwa mudogo, akakuwa mutumwa, akapanda katika kazi ya Tippu Tip mpaka kuongoza maelfu ya watu. Yeye mwenyewe aliteka vijiji na kuuza watu, hakuwa mutakatifu. Katika mwezi wa tisa mwaka ule, akiisha kushindwa na askari wa Dhanis, aliwaacha wakubwa wake akahamia upande wa Leta. Sefu, mutoto wa Tippu Tip aliyekaa Kasongo, akatuma maneno: munirudishie Gongo, ni mutu wangu. Wajumbe wawili wa Leta waliokuwa Kasongo, Lippens na De Bruyne, wakazuiliwa, na mwisho wa mwaka wakauawa.

Leta ilikataa, na vita ikaanza kabisa. Nyangwe ikaanguka mwezi wa tatu 1893, Kasongo mwezi wa ine. Sefu alikufa katika vita mwaka huo huo. Mwanzo wa 1894 Rumaliza, ambaye watu wake walikuwa wamefika mpaka Uvira hapa kwetu, alishindwa na kukimbilia upande wa Wadachi. Vitabu vinaita hii "vita ya Waarabu", sawa vile ilikuwa vita kati ya Wabeleji na Waarabu. Wapi! Wabeleji walikuwa wachache, Waarabu vilevile. Waliopigana na kufa, pande zote mbili, ni Watetela, Wakusu, watu wa Maniema, Wahausa, watu wa pwani. Kijiji kimoja kiliweza kuwa na watoto wake huku na huku. Ni vita ya ndugu iliyopewa jina la wageni.

Sasa tuangalie haki ilikuwa wapi. Kuna watu wanaosema: utumwa wa Waarabu ulikuwa afazali, mutumwa aliweza kupanda mpaka akakuwa mukubwa; angalia Gongo. Mimi ninasema, ndiyo, angalia Gongo. Alikuwa na bunduki, na wake, na maelfu ya watu wa kumutii. Lakini siku alipotaka kwenda zake, ilionekana kwamba mutu mwingine anaweza kusema "nirudishie". Chakula kizuri ao cheo kikubwa havituambii kama mutu ni huru. Siku ya kudaiwa ndiyo inatuambia. Kama kuna mutu duniani anayeweza kukudai sawa vile anadai mbuzi wake aliyepotea, wewe ni mutumwa, hata ukivaa hariri.

Wengine wanasema: basi Leta ilikuwa na haki, maana ilimupokea aliyetoroka. Hapa tuende polepole. Katika mwezi wa tisa 1893, mwaka mumoja tu kisha kuhamia kwa Leta na kuisaidia kushinda, Gongo Lutete alishitakiwa usaliti, akahukumiwa na maofisa vijana, akapigwa risasi. Uchungu wa kifo chake ulibaki kwa watu wake, na ulikuwa kati ya sababu za askari kuasi pa Luluabourg mwaka 1895. Na watumwa wa kawaida waliokombolewa? Wengi waliandikwa katika jeshi ao katika kazi za Leta kwa miaka mingi, bila kuulizwa. Kisha ikaja kazi ya mupira, wanawake wakafungwa kama rehani mpaka waume wao walete kilo zinazoombwa, mpaka Ubeleji ikakamata Kongo mwaka 1908. Leta ilimutoa mutu katika mukono wa Sefu, na haikumuweka chini. Ilimuhamisha tu katika mukono wake.

Kwa hiyo kumupokea mutu si sawasawa na kumukomboa. Ninaona kuna majibu matatu, si mawili. Jibu la kwanza: "ni wa bwana wake, arudishwe". Jibu la pili: "ni wangu, maana nimemuokoa". Jibu la tatu: "ni wake mwenyewe, na mulango aliopitia kuingia unabaki wazi akitaka kutoka". Mulango unaofunguka kwa kuingia tu na haufunguki kwa kutoka, hata ukiuita kimbilio, ni gereza. Jibu la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linavaa nguo za wema. Anayesema la kwanza anajulikana kuwa ni bwana. Anayesema la pili anataka tena tumushukuru.

Luga yetu yenyewe inatufundisha jambo hili. Wazungu waliita Kiswahili cha Kongo "Kingwana", ni kusema luga ya waungwana, watu walio huru. Na wale Wangwana wa Maniema, wengi wao walikuwa watumwa ao watoto wa watumwa, walioshika dini na mavazi ya mabwana wao ili wasiitwe tena watumwa. Tunaongea kila siku luga iliyopita katika minyororo na kujipa jina la uhuru. Ndiyo maana ninaona si haki kumutupia mutu wa Maniema ao Muislamu wa leo maneno kwamba "babu zenu walituuza". Babu yake anaweza kuwa ndiye aliyefungwa. Na walioteka hawakutembea peke yao: machifu mbalimbali waliwafungulia njia, wakauza maadui wao, wenye madeni, hata yatima wa jamaa. Tukitaka kuhesabu mikono, tuhesabu yote. Wazee wa pwani walisema uungwana ni vitendo; hawakusema ni ukoo.

Mutu ataniuliza: mwalimu, mambo haya ya zamani yanatusaidia nini leo Bukavu? Mwaka 1994 muji huu ulipokea wakimbizi wengi sana. Miaka 1996, 2004 na 2025 ni sisi wenyewe tuliokimbia vita. Tunajua mulango wa mutu mwingine ni nini. Lakini sitaki niende mbali hivyo. Tukae ndani ya avenyu zetu.

Mutoto wa miaka 12 analetwa muji kutoka kijijini kwa kufanya kazi ya nyumba. Wazazi wake wamepewa franka kidogo, ao wameahidiwa kwamba atasoma. Hasomi. Anaamuka mbele ya wote, anachota maji, analala wa mwisho, anapigwa. Siku moja anakimbilia kwa jirani. Saa ileile mama mwenye nyumba anafika: "Huyu mutoto ni wangu. Nimemulisha, nimemuvalisha, wazazi wake wanakula franka zangu. Munirudishie." Na sisi majirani tunasema nini? Mara nyingi tunasema: "Hayo ni mambo ya watu." Tunamusukuma arudi. Ao mwerevu mumoja kati yetu anasema: "Mwache, atakaa kwangu", na kesho mutoto anachota maji katika nyumba ya pili. Ndugu zangu, tofauti na Falls ya mwaka 1886 iko wapi?

Ninajua jibu la tatu lina shida yake hapa. Mutoto hawezi kuambiwa tu "uko huru, uende": aende wapi, usiku, katika muji huu? Uhuru wa mutoto unahitaji watu wa kumuzunguka. Lakini hiyo haimaanishi kwamba ana bwana. Maana yake ni kwamba kwanza asikilizwe yeye. Kisha wazazi ao jamaa yake waitwe. Na anayemupokea akae akijua ni mulinzi, hana umiliki. Na kama kuna deni, deni ni kati ya wakubwa. Deni inalipwa na mali, hailipwi na mutu. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, inasema wazi kwamba hakuna mutu anayeweza kuwekwa katika utumwa ao katika hali inayofanana nao. Maneno hayo "inayofanana nao" yaliandikwa juu ya avenyu zetu pia.

Tena wazazi wa kijijini wasiachwe peke yao katika lawama. Anayetoa mutoto wake kwa sababu ya njaa si Sefu. Lakini sisi tuliosoma, tunaoandika juu ya desturi na kuzisifu, hatuna kisingizio hicho.

Kupokea mugeni ni desturi tunayojivunia hapa Kivu, na ni haki kujivunia. Lakini desturi haipimwi siku mugeni anapofika na zawadi mukononi. Inapimwa siku anapofika bila kitu, anapumua kwa nguvu, na nyuma yake kuna mutu anayesema: nirudishie. Siku hiyo tusikimbilie kujibu "ni wako", wala "ni wangu". Tumuulize yeye kwanza, tena tumuulize kwa jina lake.