Hewa nayo ina mizani, nani aishike?

Katika soko la mahindi la Kibaigwa, hapa wilayani Kongwa, mkulima ana haki ya kukataa mizani ya mnunuzi isiyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Hana haja ya kumwita mnunuzi mwizi. Anajua tu kwamba mwenye maslahi hawi shahidi wa peke yake. Kwa nini basi kanuni hii tunaiacha nje ya geti la kiwanda?

Katika fiqhi, mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Ni kanuni ya uadilifu, inamlinda mtu na uzushi. Lakini ndugu msomaji, jirani wa kiwanda ataleta ushahidi gani? Gesi nyingi hazina rangi. Zikipita usiku, asubuhi hazipo. Yeye anabaki na kikohozi, na anaambiwa ni vumbi.

Tazama Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi hapo tangu mwaka 2007 hadi 2014. Ushahidi ulipatikana katika damu ya watoto, iliyokutwa na madini ya risasi. Kesi ikazunguka mahakamani, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliporejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Dhulma iliyoje, mwili wa mtoto kugeuzwa kipimo!

Elimu ya leo ina njia bora. Gesi nyingi hufyonza mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kila moja kwa namna yake, kama alama ya kidole. Mwanga huo hurushwa kando ya mpaka wa kiwanda, hata mamia ya mita. Kilichopungua upande wa pili kinaonyesha gesi gani imepita na kwa kiasi gani. Risasi haionekani hivyo, ina vipimo vyake. Lakini amonia, methani na kaboni monoksidi hunaswa papo hapo, usiku na mchana. Huko Rodeo, California, kiwanda cha kusafisha mafuta kilivujisha kemikali kwa siku 16 mwaka 1994. Wakazi walidai mitambo hii mpakani, wakaipata.

Je, kumtaka mwenye kiwanda apime ni kuipindua kanuni ya ushahidi? Hapana. Ibn al-Rami, fundi mkuu wa ujenzi wa Tunis katika karne ya 14, aliandika juu ya moshi wa tanuri na mabafu unaomdhuru jirani. Kadhi alikuwa akimtuma mjuzi kama yeye akakague, asiyekuwa upande wowote. Mtambo huu ni mjuzi wa namna hiyo.

Atasema mtu ni ghali, na vijana wa Kongwa wanahitaji ajira. Kweli, mashine ya kusaga ya mtaani haihitaji mtambo huo. Lakini kwenye kiwanda kikubwa, anayevuna faida ndiye abebe gharama.

Tahadhari moja: mtambo ukisomwa na kiwanda peke yake, majibu yakafungiwa ofisini, tumerudi kwenye mizani ya mnunuzi. Majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, kila mtu ayasome. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama. Haki isiyopimwa hubaki maneno. Tuidai mizani kabla kiwanda hakijajengwa, si baada ya watoto kuugua.

Wabillahi tawfiq.