Jema la Kulazimishwa

Mtu akikusukuma kwa nguvu ukaangukia penye kivuli, je, umshukuru? Swali linaonekana la mzaha, lakini historia ya watu wengi imo ndani yake. Ya bibi na babu zetu wa Ufipa imo. Ya watu wa mbali kama Wairani nayo imo.

Nalileta kwenu, vijana wenzangu, hasa ninyi mnaoshika kalamu, kwa sababu kuna wimbo unaoimbwa kila kijiwe: "Bongo bila fimbo haendi mtu. Apatikane dikteta mzuri, miaka kumi tu, tutanyooka." Wanaosema hivyo si wajinga. Wamechoka na rushwa, wamechoka na ahadi. Kwa hiyo tusiwajibu kwa kejeli. Tuwajibu kwa kisa, na kisa kipo hapahapa nyumbani.

Huku uwanda wa juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, Wafipa wamelima ulezi kwa ujuzi wao wenyewe. Majani hufunikwa kwa udongo katika matuta ya duara, intumba, yakaozea humo, na shamba likapata mbolea yake bila kununua. Kilimo hicho kinamtaka mtu aijue ardhi yake na akae nayo. Tena Wafipa hawakuwa watu wa kutawanyika, kila mtu na kilima chake. Tangu zamani waliishi katika vijiji vya nyumba zilizokaribiana.

Halafu ikaja amri. Mwaka 1967 tulikuwa na Azimio la Arusha. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere, katika Uhuru na Maendeleo, alieleza kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza, na kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa kulazimishana. Novemba 1973 Mwalimu huyohuyo akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi ile iwe imekwisha ifikapo 1976. Watu kwa mamilioni wakahama nchi nzima.

Bibi yangu ukimuuliza habari za operesheni anacheka kwanza. "Mjukuu wangu, tuliambiwa twende tukakae kijijini. Kwani sisi tulikuwa tunakaa wapi, juu ya miti?" Kisha anaacha kucheka. Anasimulia paa lilivyobomolewa, na matuta yake yalivyobaki kule nyuma, nusu siku ya mwendo. Lakini ukizidi kukaa naye anaongeza jingine: kijiji kipya kilikuwa na shule, na mama yangu akaandikishwa. "Bila ile amri mama yako angechunga mbuzi mpaka leo."

Hapo ndipo linaponiuma. Kama bibi yangu anasema kweli, basi kalamu hii ni tunda la amri ile. Nina haki gani ya kuilaani? Na tuseme kweli yote: serikali ile ile iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, mkulima wa huku mbali akalipwa sawa na wa karibu na soko. Rukwa, mkoa uliozaliwa 1974, ukahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Soko lilipoachiwa huru baadaye, umbali ule ukarudi kuwa mzigo wa mkulima. Kwa hiyo sisemi mkono wa serikali ulileta mabaya matupu.

Sasa tutazame ng'ambo kidogo. Mwaka 1951 Wairani walitaifisha mafuta yao chini ya waziri mkuu Mosaddegh. Mwaka 1953 akapinduliwa kwa msaada wa Marekani na Uingereza, na Shah akabaki na fimbo peke yake. Mwaka 1963 Shah akaanzisha Mapinduzi Meupe: wakulima wagawiwe mashamba, wanawake wapige kura, vijana wasomi wapelekwe vijijini kufundisha kusoma. Nani atasema hayo ni mabaya? Lakini aliyepinga alikuwa na hesabu yake na SAVAK, polisi wa siri. Mwaka 1979 watu wakajaa barabarani, na Shah aliyedhani anapendwa akaondoka.

Tazama pia kitambaa cha kichwani. Mwaka 1936 baba yake Shah huyo alipiga marufuku hijabu, na polisi wakawavua wanawake njiani. Baada ya mapinduzi ya 1979 serikali mpya ikalazimisha hijabu. Septemba 2022 binti wa miaka 22, Mahsa Amini, akafa baada ya kukamatwa na polisi wa maadili, na wanawake wakavichoma vitambaa hadharani. Kichwa ni kilekile. Mmoja alikifunua, mwingine akakifunika, na wote wawili walisema ni kwa faida ya mwenye kichwa. Mwenyewe hakuulizwa.

Hili ndilo ninaloliona kuwa tatizo la jema la kulazimishwa. Si kwamba haliwezi kuwa jema. Linaweza. Tatizo ni kwamba linamnyamazisha yule pekee anayeweza kukwambia kama ni jema kweli. Mwenye fimbo anaona vichwa vinaitikia, lakini hawezi kujua kipi kinakubali na kipi kinaogopa. Anatawala gizani, na giza kalileta mwenyewe.

Ukitaka ushahidi, nenda Ruvuma. Kulikuwa na chama cha maendeleo cha wakulima waliojiunga kwa hiari yao, wakalima pamoja, wakawa na shule yao Litowa. Huo ndio ujamaa wenyewe, bila mgambo. Mwaka 1969 chama tawala kikaupiga marufuku umoja ule. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu mtu anayekubali kwa hiari anaweza pia kukataa kwa hiari.

Wala tusiitwishe serikali peke yake. Jina la mji wetu wenyewe, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Mwaka 1963 na 1964 wafuasi wa Kamchape walipita Ufipa wakitoa dawa ya kuukomesha uchawi. Aliyekataa dawa alijitia kwenye tuhuma. Hapo fimbo ilikuwa mikononi mwa majirani.

Utaniuliza: je, mtoto asichanjwe mpaka akubali? Achanjwe. Lakini mtoto atakua, atauliza, na mzazi atajibu. Na sheria inayonizuia nisimdhuru jirani ni jambo jingine kabisa. Ninachokikataa mimi ni mtu mzima kufanywa mtoto asiyekua, asiyejibiwa hata akiuliza.

Basi deni langu ni lipi? Naishukuru shule. Siishukuru amri. Shule ingeweza kujengwa kwenye kijiji kile cha zamani, kando ya matuta ya bibi. Utasema isingejengwa kamwe. Huenda. Lakini hakuna awezaye kujua, maana hakuna aliyekaa na wale watu akawauliza wanataka nini.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, kabla hatujaomba dikteta mzuri, twendeni tukakae na wazee wangali hai. Tuandike kicheko chao na kimya chao, vyote viwili, bila kuchagua kinachotufaa. Na anayetaka fimbo ya miaka kumi atuambie kwanza itaanzia mgongo wa nani, na ni nani atakayethubutu kumwambia mshika fimbo kwamba miaka kumi imekwisha.