Huruma Isiyouliza

Mtu akimuua kiumbe huku akikusudia kumponya, tumwiteje? Mwema aliyekosea, au mkosaji mwenye moyo mzuri? Ndugu msomaji, swali hili sikuliokota vitabuni. Nilikutana nalo Malolo, kwa bibi yangu, msimu wa kung'oa vitunguu.

Bibi alikuwa na paka mmoja wa madoadoa. Jina hakuwa nalo. Tulimwita paka, basi. Lakini kazi alikuwa nayo: kulinda mahindi ya bibi yasiliwe na panya. Wiki ile akashikwa na mafua. Chafya mfululizo, macho yamejaa tongotongo, pua imeziba, chakula hagusi. Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, bwana mifugo anapita Alhamisi. Tumuulize."

Mimi, msomi wa kidato cha nne, nikaona Alhamisi ni mbali. Usiku nikasaga nusu kidonge cha parasetamoli, nikachanganya na maziwa, nikamnywesha. Nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba, fizi zimegeuka kahawia, anahema kwa shida. Jioni akafa.

Majirani walinifariji: nia yako ilikuwa njema. Washikaji kijiweni wakacheka: we vipi, unalilia paka? Faraja zote mbili nazikataa.

Baadaye ndipo nilipoelezwa. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu linavyofanya. Dawa inageuka sumu, inaharibu chembe nyekundu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka mzima. Na mafua yenyewe? Mara nyingi huanzishwa na virusi, kisha bakteria huingia kwenye mlango uliokwisha kuvunjwa. Wengine, kama klamidia na bordetela, huweza hata kuanza wenyewe. Tena paka asiyesikia harufu hali. Kumfuta pua kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kumpashia dagaa wanukie, pengine hayo tu yangemfikisha Alhamisi.

Na je, kama ningempa zile kapsuli zilizobaki nilipougua kikohozi? Mwaka 1945 Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alitoa mfano wa kubuni katika mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel. Bwana mmoja anaumwa koo. Anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, kiasi kisichoua vijidudu bali kinachovizoeza dawa. Vijidudu vile vinamwingia mkewe, anapata nimonia, penisilini inagonga mwamba, anafariki. Nani alaumiwe? Fleming alimnyooshea kidole mume. Huenda alimpenda sana mkewe, lakini mapenzi hayo hayakumfufua.

Utaniambia: kijijini daktari wa paka utamtoa wapi? Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro mjini, na nauli ya paka nani ataitoa? Kweli kabisa. Kutokujua si dhambi. Sote tulizaliwa hatujui. Lakini mimi sikukosa wa kumuuliza. Nilikosa subira. Kuuliza kungeonyesha kwamba sijui, na mimi nilitaka niwe mganga. Nikijichunguza vizuri, usiku ule sikumhurumia paka. Nilijihurumia mimi, niliyechoka kusikia chafya zake.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Huruma ya kweli inamtazama mgonjwa na kuuliza: yeye anahitaji nini? Huruma ya uongo inajitazama yenyewe na kuuliza: nifanye nini ili roho yangu itulie? Kwa nje zinafanana kama mapacha. Zote zinakesha, zote zinashika kikombe cha dawa. Nia njema inapunguza lawama, sikatai, lakini haimpunguzii paka sumu hata tone.

Na wanaosema "paka tu", nawauliza: mkono uliozoea kubahatisha kwa paka, utajifunza lini kutobahatisha kwa mtoto?

Bibi amepata paka mwingine, bado mdogo. Juzi nimemsikia akipiga chafya. Nimemfuta pua, nimempashia dagaa, kisha nimetembea hadi kwa bwana mifugo na kumwambia maneno ambayo zamani yalinishinda: "Shikamoo mzee. Mimi sijui. Naomba unieleze."