Siri ni Amana

Mgeni atakaye kupanda Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, huanza safari kabla hajafika Arusha. Kwa njia ya mtandao humwambia mwenye biashara jina lake, namba ya pasi, umri, na pengine maradhi ya moyo aliyo nayo. Husema hayo apate kiongozi na usalama. Hasemi apate kutangazwa.

Mfanyabiashara huweza kujitetea kuwa alipewa kwa hiari. Ni kweli alipewa. Lakini alipewa nini? Mfugaji amkabidhiye mchungaji mbuzi wake hakumuuza. Mchungaji akimpeleka mnadani, hiari ya mwenye mbuzi haiwi udhuru. Tena mbuzi huweza kurudishwa zizini. Siri iliyokwisha kujulikana hairudi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, yataka taarifa zikusanywe kwa kusudi maalumu, zisitumiwe kinyume chake. Na yampa mtu haki ya kukataa zisitumiwe kumtangazia biashara. Sheria hii ni njema. Lakini aliyeuzwa kwa siri hajui kuwa ameuzwa, na asiyejua hawezi kushtaki.

Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni dhamiri ya mpokeaji. Na ajiulize: Kama mwenye siri angekuwapo hapa, ningeiuza mbele ya macho yake? Akisita kujibu, na ajue kuwa bidhaa iliyo mkononi mwake ni amana ya mtu.