Juu ya Kwenda Mikumi Kutazama Wanyama

Masomo: Ayubu 38:39 mpaka 40:24, Zaburi 104, Mathayo 6:25–34.



Siku hizi katika sharika za upande wetu, Dumila na Magole, Rudewa na Kilosa, vijana na waimbaji na watoto wa Shule ya Jumapili hupenda kuchanga nauli, wakakodi motokaa siku moja, wakaenda Mikumi kutazama wanyama na kurudi jioni. Wazee wengine hawapendezwi. Husema kwamba sadaka haikutolewa ili watu wakatazame nyani. Wengine husema hayo ni mambo ya wageni watokao Ulaya, watu wasio na shamba la kupalilia. Tena wako wenye neno zito kuliko hayo, nalo nitalijia baadaye. Maneno haya yote yastahili kujibiwa kwa Maandiko.

Mtazameni Ayubu. Alikuwa mtu aliyefilisika na kufiwa. Ng'ombe wake na punda wake waliporwa, kondoo wake waliteketea, ngamia wake walichukuliwa na Wakaldayo, na watoto wake kumi waliangukiwa na nyumba siku moja. Rafiki zake wakaketi naye wakamhubiri sura nyingi, wala hakufarijika. Mwisho Bwana mwenyewe akamjibu katika upepo wa kisulisuli. Na ajabu ni hii: hakumweleza sababu ya msiba wake hata kidogo. Alimtembeza. Alimpitisha kwa simba na mawindo yake, kwa kunguru na makinda yake yenye njaa, kwa mbuzi wa majabali azaaye pasipo mkunga, kwa punda wa mwituni asiyejua sauti ya msimamizi, kwa nyati akataaye kulala zizini na kuvuta jembe, kwa mbuni, kwa mwewe, kwa tai. Kisha akamwonyesha kiboko chini ya matete, na mamba ndani ya maji.

Hesabuni, ndugu zangu. Ayubu alikuwa mfugaji mkubwa, lakini katika safari hiyo hakuonyeshwa kondoo hata mmoja, wala ngamia. Mnyama atumiwaye na watu ni mmoja tu, farasi, naye ni farasi wa vita, atajwaye kwa ujeuri wake. Wengine wote hawamfanyii mtu kazi yo yote. Hawalimi, hawakamuliwi, hawachukui mizigo. Wala hawakuomba ruhusa ya Ayubu wapate kuishi. Mungu awalisha, Mungu ahesabu miezi ya mimba zao, na Ayubu alikuwa hajui habari zao hata siku moja. Mimi nafahamu kwamba hapo ndipo moyo wake ulipoanza kupona. Mtu mwenye msiba hudhani dunia nzima imesimama juu ya kidonda chake. Naye akaonyeshwa ya kuwa iko dunia kubwa ambayo Mungu huitunza usiku na mchana, na yeye pamoja nayo.

Pamoja nayo, nasema, maana Mungu alipomwonyesha kiboko alimwambia ya kuwa mnyama yule alifanywa pamoja naye Ayubu. Ndilo jambo tulilofundishwa sote katika Katekisimo Ndogo ya Luther, katika Sehemu ya Kwanza ya Imani, kwamba Muumba aliyenifanya mimi ndiye aliyevifanya viumbe vyote pamoja nami. Tulilikariri tukiwa watoto, tukabarikiwa, tukalisahau. Sasa katika Hifadhi ya Mikumi liko bwawa la viboko. Mwaweza kusimama ukingoni, mkawaona wakitoa masikio na pua juu ya maji, wakikoroma. Mtoto wa kipaimara aliyesimama pale na katekisimo yake ana mwalimu mwema kuliko mimi.

Habari ya mahali penyewe ni hii. Mikumi ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964, yaani mwaka mmoja baada ya makanisa yetu saba ya Kilutheri kuungana kuwa kanisa moja. Jina lake latokana na mikumi, ile mivumo mirefu iotayo huko. Eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Katikati ya milima ya Uluguru na Rubeho umelala uwanda wa Mkata, nao hujaa pundamilia, nyumbu, swala, nyati na twiga. Pofu wako, na ndovu, na simba, na mwenye bahati huwaona mbwa mwitu. Atokaye Dumila alfajiri, akipitia Kilosa au akipitia Morogoro, aweza kuwaona ndovu kabla ya adhuhuri na kulala kwake usiku ule ule. Tena kiingilio cha raia ni kidogo sana kuliko cha mgeni atokaye nchi za nje. Basi neno la kwamba mambo haya ni ya wageni laanguka mlangoni.

Hata hivyo wengi wetu tumekwisha kupita Mikumi bila kupaona. Barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya mpaka Zambia yapita ndani ya hifadhi yapata kilomita 50, na ndani ya basi watu wamelala, au wameshusha pazia kwa ajili ya jua, au wanatazama simu zao. Twiga amesimama kando ya njia, wala hapana atazamaye. Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi wake wasiwe na wasiwasi juu ya chakula na mavazi, hakuanza kwa kuwakemea. Aliwaagiza wawaangalie ndege, wayafikiri maua ya mashamba. Kuangalia na kufikiri ni kazi aliyoiamuru Bwana. Mtu hawezi kuifanya huku akikimbia, wala kuifanyiwa na mwingine. Wazee wasemao ya kuwa huko ni kupoteza siku na wasome tena sura ya sita ya Mathayo, kisha waniambie ni wapi Bwana aliposema ndege ni upuzi.

Wala si lazima mtu awe mpenda wanyama kwa tabia. Mwezi wa Septemba mwaka 1961, kabla Tanganyika haijapata uhuru wake, Julius Nyerere alitoa tamko huko Arusha ya kuwa wanyama wa porini ni amana mikononi mwetu, tuwatunze ili na wajukuu wa watoto wetu wawaone. Naye husimuliwa kwamba alikiri hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba! Lakini alijua amana ni amana, apende asipende.

Sasa lile neno zito. Mkulima wa kijiji kilicho karibu na mpaka wa hifadhi auliza hivi: Mchungaji, ndovu waliingia shambani mwangu usiku, wakala mahindi ya mwaka mzima. Watoto wangu hawana ekari ya kulima, na wanyama wana nchi pana. Wewe wataka niende kumtazama ndovu na kumsifu Mungu?

Neno hili si la kulijibu kwa haraka. Sitamwambia mtu aliyelala njaa kwamba ndovu ni mzuri. Zaburi ya 104, iliyo wimbo mkuu wa viumbe, haifichi ya kuwa simba hunguruma akitaka nyama. Lakini yasema simba hutoka usiku, na jua likichomoza hurudi pangoni, ndipo mtu atoke aende kazini kwake mpaka jioni. Kila mmoja amepewa saa yake na mahali pake, kwa mkono wa Mungu mmoja. Mpaka ukivukwa, na uvukwe na mnyama au na mwanadamu mwenye shoka na panga, ndipo ugomvi uanzapo. Nasi wa Kilosa twajua vizuri ugomvi wa mipaka. Mwaka 2000 wakulima na wafugaji walipopigana katika wilaya yetu, damu ya watu ilimwagika, wala hapakuwa na ndovu hapo.

Kwa hiyo nasema: usharika utakaokwenda kuwatazama ndovu, na uende pia kumtazama yule waliyemlia mahindi. Tusifanye la kwanza tukaliacha la pili. Serikali imeweka malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mtu aliyeharibiwa mazao na wanyama, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Si malipo makubwa, na huenda yakakawia. Lakini mama mzee asiyejua kuandika hayapati kabisa asipoandikiwa na kufuatana na mtu mpaka ofisi ya kijiji na kwa afisa wa wanyamapori. Hiyo ni kazi ya vijana wetu wenye kusoma. Tena kule upande wa Udzungwa wako wakulima waliotundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, kwa kuwa ndovu, pamoja na ukubwa wake, amwogopa nyuki. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka. Na mwenye shamba hupata asali juu yake. Vijana wakiona jambo kama hilo safarini na kulileta nyumbani, nani atasema nauli imepotea?

Nimetaja Udzungwa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, na mtu huifikia kwa kushika njia ya Ifakara kutoka Mikumi mpaka Mang'ula. Huko motokaa haiingii. Watu hupanda kwa miguu pamoja na mwongozaji, chini ya miti mirefu, mpaka maporomoko ya Sanje, ambapo maji huanguka yapata meta 170 kwa hatua kadha wa kadha. Katika msitu ule mna kima mmoja asiyepatikana po pote duniani isipokuwa katika milima ya Udzungwa. Wataalamu walimtambua mwaka 1979. Wenyeji walikuwa wakimjua tangu zamani, na Mungu kabla yao. Kwa watoto wadogo safari ni ndefu mno. Kwa vijana ni njema, maana kupanda mlima huondoa porojo nyingi.

Asiye na nauli asinung'unike. Maua aliyoyasema Bwana yalikuwa kando ya miguu ya wasikiaji wake. Sisi wa Dumila tuna milima ya Ukaguru machoni petu kila asubuhi, na mto Mkundi uko mlangoni. Mwezi wa Januari mwaka 2014 mto huo ulifurika, ukaharibu daraja la Dumila, barabara ya Morogoro na Dodoma ikakatika, na nyumba za watu wengi wa Dumila na Magole zikaingiliwa na maji. Tangu siku ile twautazama kwa hofu, nayo ni haki. Lakini mwalimu na awapandishe watoto siku moja, waufuate mto kwenda juu wakati wa kiangazi, waone ni wapi kingo zimeshikwa na mizizi ya miti, na ni wapi zimelimwa mpaka majini na udongo umekwisha kwenda. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Wengi wetu tumeshika amri ya kwanza kwa mikono miwili.

Juu ya mwenendo nitasema machache. Siku iwe Jumamosi au sikukuu ya serikali. Siku ya Bwana ibaki kwa ibada, wala mtu asiniambie kwamba atamwabudu Mungu porini asubuhi ile wakati ndugu zake wanakusanyika mezani pa Bwana. Dereva asihimizwe kukimbia. Wanyama wengi wamekufa kwa kugongwa katika barabara ile, ndiyo maana pana matuta, na vibao, na faini kwa kila aina ya mnyama. Wala mtu asiwatupie nyani ndizi na mikate dirishani. Nyani aliyelishwa hukaa barabarani akingoja motokaa ijayo, na hiyo ndiyo huja kumwua. Aliyemtupia ndizi yuko mbali tayari, akijiona mwema.

Ninyi wainjilisti na walimu mnaowaongoza watoto, usiku wa kuamkia safari wasomeeni Ayubu sura ya 39, polepole. Mkifika penye wanyama, mwombeni dereva azime injini, na watu wote wanyamaze kwa robo saa. Waimbaji pia, ingawa ni vigumu kwao. Wakati wa kurudi ulizeni kila mtoto ni mnyama yupi kati ya hao aliowaona aliyemfanyia kazi yo yote, na ni nani amlishaye. Msiwasaidie kujibu. Jumapili yake mtoto mmoja asimame mbele ya usharika aeleze aliyoyaona, na sadaka ya siku hiyo ipelekwe kwa yule ambaye shamba lake limeliwa, ikichukuliwa na watoto wenyewe.