Je, Saa za Kufuma ni Saa Zilizopotea?

Mwaka jana, juma la pili baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, tulikuwa tukijifunza amri ya nne. Nilikuwa nimekwisha kueleza wajibu wa watoto kwa wazazi, nikaanza kueleza wajibu wa wazazi kwa watoto. Ndipo mama mmoja aliyeketi nyuma, karibu na mlango, akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, mimi nina watoto sita wa tumbo langu, na wa saba ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nataka kila mmoja apate Noeli hii kitu nilichokifuma kwa mikono yangu. Lakini nikishika sindano, maharage yangoja kupaliliwa, maji yangoja kisimani, na mume wangu asema kwamba naiba saa za nyumba. Je, nafanya vibaya?"

Nilimjibu upesi. Nikamwambia: "Mama, wajibu kwanza, mapambo baadaye." Wanaume waliokuwapo wakatikisa vichwa kukubali, mmoja akacheka, naye mama akaketi. Mimi nikaendelea na somo, nikiwa nimependezwa na jibu langu. (Jibu fupi humpendeza mwalimu mara nyingi kuliko linavyomfaa mwanafunzi.)

Siku ya Noeli, baada ya Misa ya asubuhi, nilimwona yule mtoto wa marehemu amesimama uani na wenzake. Alikuwa amevaa sweta ya rangi ya majani, iliyofumwa vizuri, lakini haikuwa na mikono. Ninyi mwajua asubuhi za kwetu. Mji wa Bukavu wenyewe uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na vilima vilivyo nyuma yake vyapita mita 2,000. Mwezi wa Desemba mvua hunyesha, na ukungu hukaa bondeni mpaka jua lipande. Nikamfanyia mama yule mzaha, nikamwuliza: "Mama, mikono ya sweta i wapi?" Akanijibu kwa upole: "Mwalimu, mikono ilikuwa katika zile saa ulizosema ni za nyumba."

Neno hilo nimelichukua moyoni miezi mingi. Sasa naona ya kwamba nililijibu swali lake kabla sijalipima. Na kwa kuwa nililijibu mbele ya watu, yanipasa kulirudia mbele ya watu.

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe, maana sisi wanaume twaihukumu tukiwa hatujaishika. Kufuma kwa sindano, kazi ambayo wengi wetu huiita trikoti kwa neno la Kifaransa, hakuanzi na kitambaa. Mfumaji ana uzi mmoja tu, mrefu. Apanga vitanzi juu ya sindano ya kushoto, kisha kwa sindano ya kulia avuta uzi kupitia ndani ya kila kitanzi, na kitanzi kipya chashika mahali pa kile cha zamani. Vitanzi ni vya namna mbili, cha mbele na cha nyuma, na karibu sweta zote mzionazo (wengine kwetu husema mupira) zimetoka katika namna hizo mbili. Kitanzi kimoja kikiponyoka pasipo kuonekana, chashuka mstari kwa mstari, hata pengine mfumaji hulazimika kufumua kazi ya jioni nzima. Wenye fedha hununua mabonge mapya ya uzi sokoni. Wengine hununua sweta kuukuu, huifumua, huuosha uzi wake na kuutundika ukiwa na jiwe dogo chini ili unyooke. Mama huyu hufuata njia ya pili, na sindano zake ni njiti mbili za gurudumu la baisikeli, ambazo alizisugua ncha zake juu ya jiwe.

Sasa tufanye hesabu, kama tunavyofanya shuleni. Sweta ya mtoto mdogo yataka vitanzi kama 60 kwa upana na mistari kama 100 kwa urefu. Hivyo ni vitanzi 6,000 upande wa mbele na 6,000 upande wa nyuma. Pamoja na mikono, jumla yapita 15,000. Mfumaji wa kadiri akifuma vitanzi 20 kwa dakika, sweta moja ni dakika 750, yaani zaidi ya saa 12, bila kuhesabu kushona vipande na kufumua makosa. Kwa watoto saba ni karibu saa 90. Mama aliyeanza mwezi wa Novemba, katika miezi ya palizi, alikuwa amejitwika mzigo usiowezekana. Katika hilo sikukosea kumwonya. Nilikosea katika mengine.

Mume wake si mtu mbaya, wala si mvivu. Hoja yake yastahili kusikilizwa. Asema: sokoni kuna sweta zinazotoka Ulaya katika marobota, zimevaliwa kidogo tu, mtu hulipa, huchukua, hurudi nyumbani jua lingali juu. Kwa nini basi kuketi saa 12 ili kupata kitu kilekile? Wala hoja hii si ya leo. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee aliunda mtambo wa kufuma soksi, na tangu hapo mikono haijaweza kushindana na chuma kwa upesi. Tena sweta ya mashine huzuia baridi sawasawa na ya mkono, na pengine kuishinda. Tusidanganyane hapa. Upendo wa mama hauongezi joto la uzi. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba huongeza, lakini mtoto anayetetemeka atawakanusha.

Basi, kama joto ni lilelile, tofauti i wapi? Nimeitafuta siku nyingi, na aliyenisaidia ni mama mwingine, wa kale sana.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli twasoma habari za Hana. Alimtoa mwanawe Samweli angali mdogo, akae Silo katika utumishi wa nyumba ya Bwana. Baadaye Mungu alimjalia watoto wengine watano, wavulana watatu na wasichana wawili. Nyumba yake basi ilikuwa na kelele na njaa na magonjwa madogo kama nyumba zetu. Hata hivyo, kila mwaka alimtengenezea Samweli kanzu ndogo, akampelekea alipopanda pamoja na mumewe kwenda kutoa sadaka ya mwaka. Fikirini sasa jambo moja. Mtoto hakuwapo mbele yake apate kumpima. Ilimpasa kuyakumbuka mabega yake ya mwaka uliopita, akisie yamepanuka kadiri gani, ajiulize kama amekonda au amenenepa. Kanzu ile isingeweza kutengenezwa na mtu asiyemfikiri Samweli peke yake, muda mrefu, huku wengine watano wakimlilia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Chungu cha jioni ni cha wote. Moto ni wa wote, maji ni ya wote, shamba ni la wote. Mama mwenye watoto saba aweza kufanya kazi tangu alfajiri hata usiku kwa ajili yao, na mwaka ukapita asiwe amemfikiri mmoja wao peke yake hata saa moja, isipokuwa yule anayeugua au yule anayekosa adabu. Mtoto mpole wa katikati, asiyeugua wala kusumbua, hapati kitu katika mgawanyo huo. Lakini sweta inayofumwa kwa kipimo chake yamlazimu mama kukaa naye moyoni saa 12. Ya sokoni imetengenezwa kwa mtoto yeyote wa miaka minane. Hii imetengenezwa kwa huyu, ambaye mkono wake wa kushoto, labda, ni mrefu kidogo kuliko wa kulia. Basi hizo saa ndizo zilizo ndani ya zawadi. Mimi niliziita mapambo.

Katika mji wa Hamburg, Ujerumani, kuna picha ya kale iliyochorwa karibu mwaka 1400, nayo husemwa kuwa ni ya Bertram wa Minden. Yamwonyesha Bikira Maria ameketi akifuma vazi dogo kwa sindano nne, Mtoto Yezu yupo chini na kitabu chake, na malaika wanakuja wakichukua msalaba. Katika nchi ya Yezu kufuma kwa namna hiyo hakukujulikana wakati ule; mchoraji aliwachora wanawake wa mji wake. Wala hakuona haya kumpa Mama wa Mungu kazi yao.

Lakini yapo mabaya katika jambo hili, nami sitaki kuyaficha. Nilipokuwa kijana nilimchongea baba yangu kigoda. Nilikichonga majuma matatu, nikajikata kidole, na kovu lipo hata leo. Baba alikipokea kwa furaha. Ila kila mara nilipomtembelea nilimkumbusha: "Baba, wakumbuka kidole changu? Wakumbuka usiku ule nilivyochonga kwa mwanga wa kibatari?" Siku moja nikamkuta ameketi juu ya mkeka, na kigoda kiko pembeni kimewekewa kikapu cha mahindi. Hakunieleza sababu, nami nilimwuliza mama tu. Mama akasema: "Mwanangu, kigoda chako kinasema mno." Kitu cha kununua hakina hatari hii kwa kadiri hiyo, kwa maana fedha husahauliwa upesi. Saa za mikono hazisahauliwi na yule aliyezitoa, naye aweza kuzidai kila siku kama mtoza kodi. Anayefuma huku akihesabu atakavyoshukuriwa, huyo anafuma deni, na mtoto atalivaa shingoni.

Kuna na hatari ya pili. Nimeona mwanamke akifuma zawadi ya mwanawe huku akimfukuza mwana yuleyule aliyekuja kumwonyesha daftari: "Ondoka, usinivurugie hesabu!" Mtoto huyo siku ya Noeli atapata sweta nzuri ya mtu ambaye hakutaka kumwona. Katika hili wafumaji wenye akili hunifundisha kwamba kosa ni la kuchagua mtindo mgumu. Mtindo wenye maua na mistari ya kuhesabiwa hauvumilii kukatizwa. Kitanzi cha kawaida huvumilia: mama aweza kusimama katikati ya mstari, akaenda kukoroga ugali, akampangusa mtoto pua, akarudi, naye ataikuta kazi yake juu ya sindano pale alipoiacha. Kazi nyingi hazina hisani hiyo. Unga uliokwisha kumwagwa katika maji ya moto haungoji. Kwa hiyo yule asemaye kwamba kufuma hakupatani na nyumba yenye shughuli nyingi, naona hajatazama. Kazi hii yafaa kwa mikono inayokatizwa kila dakika, mradi mtu asitake kusifiwa kwa maua.

Sasa lile lililonichoma zaidi. Mama yule alipouliza, nilitazama sindano zake, nikauliza moyoni kama sindano zina haki mbele ya maji na shamba. Sikuuliza ni nani mwingine nyumbani mwake mwenye miguu ya kwenda kisimani. Wana wawili wakubwa wamo, mmoja ana miaka 15. Baba yumo, na jioni huketi nje akizungumza na jirani. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikimjibu, maji ya kwangu yalikuwa yamekwisha kuchotwa na mke wangu, nami sikuwa nimeyafikiri. Ni rahisi mtu kusema "wajibu kwanza" ikiwa wajibu ule unafanywa na mwingine. Yule mama hakuomba ruhusa ya kuacha kazi. Aliuliza kama katika nyumba ya watu tisa yeye aweza kupata nusu saa kwa siku, na sisi wote tulicheka.

Basi mwaka huu, baada ya Pasaka, nilikwenda kwake, nikamwambia mbele ya mumewe kwamba nilimjibu vibaya. Mume hakupendezwa sana, na hiyo ni haki yake. Tukakaa tukahesabu. Saa 90, kwa nusu saa kila jioni, ni jioni 180. Kutoka Noeli kurudi nyuma jioni 180 twafika mwisho wa Juni, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, tarehe 24, wakati kiangazi kimeingia na shamba limepumzika. Naye kwa akili yake akapunguza tena: wadogo wanne watapata sweta, na wakubwa watatu watapata kofia, kwa sababu kofia haipiti saa tatu au nne, na kijana wa miaka 15 haoni fahari kuvaa sweta ya mama yake. Nikamwuliza kama haogopi manung'uniko. Akasema manung'uniko yatakuwapo hata akifuma dhahabu.

Nilipopita kwake juma lililopita, sweta tatu zilikuwa zimekwisha, zimefungwa katika kitambaa na kufichwa chini ya kitanda, na ya nne ilikuwa na mkono mmoja. Alikuwa ameanza na ile ya rangi ya majani, akaitia mikono yake miwili, na kuiongeza urefu chini kwa uzi wa rangi nyingine, kwa maana mtoto amekua. Tulipokuwa tukizungumza, mume wake alitokea njia ya kisimani na bidoni la maji begani. Alinisalimu upesi, akapita nyuma ya nyumba, na jirani yake wa jioni akamwita mara mbili kabla hajajibu.